Anayeanguka Atajwe Jina: Ilani ya Wanaotengeneza Filamu za Mapigano

Sisi tunaoitoa ilani hii ni wapiga kamera, wahariri, mafundi wa sauti, vijana wa karate na sarakasi wanaoanguka badala ya stelingi, pamoja na watazamaji tuliokulia kwenye vibanda umiza. Tunataka filamu ya mapigano irudi mikononi mwa wanaoitengeneza kwa miili yao. Tunalisema hadharani kwa sababu filamu zinazodai kuienzi sinema ya zamani zimekuwa nyingi, na nyingi kati ya hizo zinaenzi ganda tu: mikwaruzo ya mkanda, rangi iliyochujuka, gitaa la miaka ya sabini, herufi nene za njano kwenye bango. Waliovunjika mbavu ili picha zile zipatikane hawamo.

Tunayo filamu tunayoishika kama kielelezo. Aprili 2007 Robert Rodriguez na Quentin Tarantino walitoa Grindhouse, picha mbili kwa tiketi moja, zaidi ya saa tatu, katikati yake trela za filamu ambazo wakati huo hazikuwepo. Walikuwa wanazienzi zile kumbi chakavu za Marekani, kama za mtaa wa 42 jijini New York, zilizokuwa zikionyesha filamu za bei poa mchana hadi usiku wa manane: magari yanayofukuzana, kung fu, mazombi, wanawake wenye visasi. Sokoni ilianguka, mauzo ya tiketi za Marekani hayakurudisha hata gharama, na nchi nyingine zikazitenganisha zile picha mbili na kuziuza moja moja. Baadhi ya trela zile za kubuni zilikuja kuwa filamu kamili, ya kwanza ikiwa Machete mwaka 2010, na Danny Trejo ndiye stelingi. Kwa upande wake Rodriguez, picha yake, Planet Terror, aliipiga kwa kamera ya kidijitali, na uchakavu wake ukatiwa baadaye kwa kompyuta. Ina raha yake. Lakini kilichotukusanya sisi ni kipande cha Tarantino, Death Proof, na hasa nusu saa yake ya mwisho.

Humo yumo Zoë Bell, mwanamke wa New Zealand. Kabla ya hapo alikuwa anaanguka badala ya Lucy Lawless katika tamthilia ya televisheni ya Xena, na badala ya Uma Thurman katika Kill Bill. Kwa miaka yote hiyo sehemu ya kazi yake ilikuwa kuuficha uso: nywele zishuke mbele, bega ligeukie kamera, mtazamaji asigundue kwamba anayepigwa ukutani siye anayemfahamu. Katika Death Proof anaigiza kwa jina lake mwenyewe. Anapanda juu ya boneti ya Dodge Challenger nyeupe ya 1970. Mikanda miwili ya kiunoni imefungwa kwenye fremu za madirisha ya mbele, mmoja kulia na mmoja kushoto. Anaishika, anajilaza juu ya bati, na gari linaongeza mwendo kwenye barabara ya mashambani. Kisha mwuaji anayeigizwa na Kurt Russell anatokea na gari jeusi na kuanza kumgonga yeye na wenzake waliomo garini. Bell anapoteza mikanda, anang'ang'ania kingo za boneti kwa vidole, miguu inayumba huku na huku, na muda wote huo uso wake tunauona. Anapiga kelele kwa mdomo wake mwenyewe. Hakuna mwingine wa kumpa sifa zile, na hakuna kompyuta iliyomchora pale juu.

Hapo ndipo tunaposema heshima imefanyika. Mtu aliyezoea kuanguka bila kujulikana amesogezwa mbele ya kamera, akaitwa kwa jina lake, akaachwa afanye anachokijua. Mikwaruzo ya mkanda ingeweza kufutwa yote na heshima ile ingebaki.

Challenger ile nyeupe nayo ina ukoo. Inatoka kwenye Vanishing Point ya 1971, na wanawake wa Death Proof wanaitaja filamu hiyo waziwazi. Wasichokitaja ni kwamba mtu aliyeyasimamia magari ya Vanishing Point alikuwa Carey Loftin, aliyepanga pia zile mbio za Bullitt mwaka 1968. Wapenzi wa sinema wanajua rangi ya gari, mwaka wa gari, hata ukubwa wa injini yake. Jina la aliyelipindua hawalijui. Tunaitaka harakati hii ianzie kwenye pengo hilo.

Pengo hilo kwa watu weusi wa Marekani lilikuwa kubwa zaidi. Kwa miaka mingi Hollywood ilipohitaji mtu mweusi aanguke kutoka kwenye farasi au aruke kutoka kwenye gari, ilichukua mzungu na kumpaka rangi. Mwaka 1967 vijana weusi wa Los Angeles walianzisha chama chao cha waangukaji, wakajifunza kwa kujifundisha wenyewe na kuidai kazi iliyokuwa yao. Halafu zikaja filamu za watu weusi za miaka ya sabini: Sweet Sweetback ya Melvin Van Peebles na Shaft ya Gordon Parks mwaka 1971, Super Fly ya Gordon Parks Jr. mwaka uliofuata, kisha Coffy mwaka 1973 na Foxy Brown mwaka 1974, zote mbili zikiwa na Pam Grier. Aliyekuwa akianguka badala ya Pam Grier ni mwanamke anayeitwa Jadie David. Tunaliandika jina lake hapa na tunataka lisomwe kwa sauti kila filamu zile zinapoonyeshwa. Na kwa sababu historia hii imetugusa hata sisi huku, tunamkumbuka pia Gordon Parks Jr., aliyefariki kwenye ajali ya ndege nchini Kenya mwaka 1979, alikokuwa amekuja kutengeneza filamu.

Hatuzirithi filamu zile kichwakichwa. Mwaka 1972 Junius Griffin wa NAACP, chama cha kutetea haki za watu weusi, tawi la Beverly Hills na Hollywood, alizishutumu kwamba zinamnyonya mtu mweusi kwa kumuuzia sura yake mwenyewe kama mhuni na mwuza unga. Alikuwa na hoja, na hoja hiyo haijaisha. Filamu nyingi za kumbi zile ziliuzwa kwa mwanamke aliyevuliwa nguo na kudhalilishwa, na baadhi ya wanaozienzi leo wanalirudisha jambo hilo hilo kwa kisingizio cha kumbukumbu. Sisi hatutalirudisha. Tunachukua nguvu za miguu, ujasiri wa kutengeneza bila fedha, na ule ukali wa mnyonge anayegeuka na kupiga. Dharau tunaiacha huko huko ilikotoka.

Black Dynamite ya 2009, inayoziiga filamu hizo, tunaipenda. Scott Sanders aliipiga kwa mkanda wa milimita 16 badala ya kuipaka uzee baadaye, na Michael Jai White, mtu mwenye mikanda myeusi ya mitindo kadhaa, anapiga mateke ya kweli. Lakini inachekesha kwa kutuonyesha makosa ya wasio na pesa: kipaza sauti kinachoning'inia ndani ya picha, mwigizaji anayeyatamka hata maelekezo ya mswada. Kicheko hicho kina upendo, na bado si njia yetu. Waliopiga filamu ya mapigano kwa siku chache, kwa fedha za mkopo, hawakuwa wanachekesha. Walikuwa wanafanya bidii yote waliyokuwa nayo.

Tunajua hivyo kwa sababu wapo jirani zetu. Katika mtaa wa Wakaliga, Kampala, Isaac Nabwana aliyekuwa mfyatua matofali alijiundia kompyuta kwa vipuri, akakusanya vijana wa kung fu, na mwaka 2010 wakatoa Who Killed Captain Alex? Bunduki zilichomelewa kwa vyuma chakavu. Filamu alizokuwa akizienzi, nyingi alizifahamu utotoni kwa kusimuliwa na kaka yake, kwa kuwa yeye hakufika ukumbini. Waigizaji wenyewe waliziuza diski mlango kwa mlango. Filamu hiyo inajulikana duniani ikiwa na sauti ya VJ Emmie anayeisimulia na kuishangilia juu kwa juu, desturi iliyokuwepo pia Tanzania na iliyomfanya Lufufu, mtafsiri wa filamu kwa Kiswahili, awe maarufu kuliko waigizaji wengi wa filamu alizotafsiri. Mkanda wa Hong Kong ulifika Manzese, Dar es Salaam, ukiwa bubu kwetu. Lufufu akaupa jina la mtaa, matusi ya mtaa na huruma ya mtaa. Hiyo nayo ni kazi ya filamu, na tunaihesabu hivyo.

Sasa tuseme jambo zito. Mwili wa kweli haumaanishi mwili wa kutupwa. H. B. Halicki, aliyeongoza Gone in 60 Seconds ya 1974 na kuendesha magari yake mwenyewe, alikufa mwaka 1989 akiandaa tukio la mwendelezo wa filamu hiyo, nguzo ilipomwangukia. Mwaka 2018 Uma Thurman alieleza hadharani jinsi alivyoshinikizwa aendeshe gari mwenyewe katika Kill Bill, ingawa alisema anaogopa na aliomba kazi hiyo apewe mzoefu. Gari likagonga mti, akaumia shingo na magoti. Tarantino amekiri kwamba analijutia. Ni mwongozaji yule yule wa Death Proof, na hatulifichi hilo kwa sababu tumemsifu. Tofauti ya matukio hayo mawili ndiyo msimamo wetu: juu ya boneti alikuwepo mtu anayeijua kazi ile na aliyeikubali, nyuma ya usukani alikuwepo mtu aliyesema hapana na hakusikilizwa.

Kwa hiyo anayeanguka ana haki ya kukataa, hata kama kamera imeshawashwa na jua linazama. Kabla ya kuruka atajua urefu, ataona godoro, atakuwa amefanya mazoezi na aliyempangia, na pesa ya matibabu itakuwa imetengwa kabla ya pesa ya bango. Mwongozaji asiyeweza kutenga hiyo aandike tukio dogo zaidi. Hatuoni aibu ya tukio dogo: ngumi mbili zilizopangwa vizuri ndani ya chumba cha kupanga zina thamani kuliko helikopta ya kompyuta inayolipukia hewani.

Jina la anayeanguka litatokea mwanzoni mwa filamu, pamoja na la stelingi, kwa herufi zenye ukubwa ule ule. Hatusubiri wakubwa watuoneshe njia, ingawa nao wameanza kusogea: mwaka 2025 waandaaji wa Oscar walitangaza tuzo ya kazi hii, itakayoanza na filamu za mwaka 2027, takriban karne nzima baada ya tuzo zao kuanza. Sisi tutaanza na filamu yetu ijayo.

Uzee hatutaupaka. Ikiwa picha yetu ina kasoro, iwe ni kasoro tuliyoipata kazini. Atakayetaka mikwaruzo apige kwa mkanda na aukwaruze. Mapigano yetu tutayapiga kwa upana unaoonyesha mwili mzima kuanzia kichwani hadi miguuni, ili mtazamaji aone nani kapiga na nani kapigwa. Hatutayakatakata vipande vya nusu sekunde kufichia uvivu wa mazoezi. Lugha yetu itakuwa Kiswahili kinachosemwa pale pale mapigano yanapotokea, na watafsiri wa vibandani wataalikwa kwenye meza ya mswada tangu siku ya kwanza, kwa sababu hakuna aliyewasikiliza watazamaji wetu kwa karibu kama wao.

Anayekubaliana nasi na afanye hili kwanza: achukue filamu ya mapigano anayoipenda, aitazame mpaka orodha ya mwisho iishe, atafute nani aliyeanguka, kisha aje na jina hilo kwenye mkutano wetu. Tutaanza kwa kuyasoma majina hayo, halafu tutagawana kazi.