Turbo Kubwa kwa Injini Ile Ile

Hakuna swali lililoligawa bweni letu muhula huu kama hili: mtu akitaka kulitia gari lake turbo kubwa kuliko ile iliyotoka nayo kiwandani, je, sharti kwanza azitie nguvu pistoni, konrodi na beringi zake? Wengine wasema sharti. Wengine wasema huo ni woga wa watu wasiopata kushika spana. Nadhani chanzo ni magari ya mashindano yanayokuja Mbarara, maana kila yapitapo, nusu ya vijana hurudi wakiiga mlio wake kwa midomo.

Mimi siwezi kulitazama jambo hili kama mchezo. Mjomba wangu, akaaye Nakivale, ana gari la abiria, Super Custom, alilolinunua kwa shirika na wenzake watatu. Wamo Wakongo wawili, Mrundi mmoja na Msomali mmoja, na gari hilo ndilo lilipalo karo yangu na ya watoto wao wengine. Sasa fundi mmoja amewashauri watie turbo kubwa ili lipande milima ya Isingiro likiwa limejaa watu na mizigo. Walipomwuliza juu ya injini alijibu, "Ni turbo tu, injini yenyewe hatuigusi." Neno hilo ndilo ninalotaka kubishana nalo.

Turbo ni magurudumu mawili madogo yenye mapanga, yaliyofungwa katika mhimili mmoja. La kwanza huzungushwa na moshi utokao katika injini. La pili huvuta hewa ya nje na kuishindilia ndani ya silinda. Mswisi Alfred Büchi aliuandikisha uvumbuzi huu mwaka 1905. Hewa ikiwa nyingi, mafuta mengi zaidi yaweza kuungua. Tena huku kwetu hewa yenyewe ni nyepesi: Mbarara ipo kama mita 1,400 juu ya bahari, na hewa yake imepungua uzito kama sehemu moja katika nane kuliko ile ya Mombasa. Kwa hiyo siwashangai wenye magari wanaoitamani turbo.

Lakini gari la mjomba ni la dizeli. Injini yake ni 1KZ-TE ya Toyota, silinda nne, lita 3, nayo ina turbo ndogo tangu kiwandani. Katika dizeli nguvu hutoka katika mafuta yaliyoungua, wala si katika hewa peke yake. Ukizidisha hewa bila kuzidisha mafuta, moto ndani ya silinda utapoa kidogo na moshi mweusi utapungua, lakini mlima utaupanda vile vile kama jana. Pengine vibaya zaidi, kwa kuwa turbo kubwa ni nzito kuanza kuzunguka, na gari lililojaa hupanda mlima injini ikienda polepole. Ukizidisha mafuta, hapo nguvu itakuja. Je, itapita wapi? Itaukandamiza uso wa pistoni, ishuke katika konrodi, iingie katika beringi za krenki. Injini imekwisha guswa, ingawa spana haikufika huko. Basi ama fundi hauzi nguvu yo yote, ama anaigusa injini. Njia ya tatu siioni.

Nimepiga hesabu. Pistoni ya injini hiyo ina kipenyo cha milimita 96, yaani eneo la sentimita za mraba 72 na kidogo. Kila presha ya juu kabisa ndani ya silinda ikiongezeka kwa kilo 10 juu ya kila sentimita ya mraba, pistoni moja hubebeshwa kilo 720 zaidi. Hao ni abiria kumi wamesimama juu ya kitu kinachoenea kiganjani! Injini ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, kila pistoni hupokea pigo hilo mara 1,500 kwa dakika.

Na bado sijataja joto. Aluminiamu safi huyeyuka kwa digrii 660, na moshi wa dizeli iliyolemewa waweza kupita digrii 700. Pistoni husalimika kwa sababu ringi na oili huliondoa joto lake upesi. Silinda hedi ya 1KZ-TE nayo ni ya aluminiamu, na mafundi wengi wajua jinsi inavyopasuka injini ikichemka. Kwa hiyo hata wale wa bwenini wasemao "tia pistoni ngumu, yatosha" hawajamaliza kazi. Pistoni ngumu chini ya hedi iliyopasuka zamfaa nani?

Atakaye ushahidi mkubwa kuliko wangu na autazame mwenendo wa Toyota wenyewe. Land Cruiser nyingi za mashirika tuzionazo Nakivale zina injini 1HZ, lita 4.2, isiyo na turbo. Kuanzia mwaka 1990 walitengeneza pia 1HD-T yenye turbo, upana wa silinda ule ule na mwendo wa pistoni ule ule. Je, waliichukua 1HZ wakaibandika turbo tu? Hawakufanya hivyo. Walibadili pistoni, wakabadili hedi na namna ya kupuliza mafuta, na mgandamizo wakaushusha kutoka zaidi ya 22 kwa 1 hadi chini ya 19 kwa 1.

Wenzangu hunijibu kwa Subaru ya kijana fulani wa mjini, iliyotiwa turbo kubwa na bado yatembea. Hiyo ni ya petroli, na petroli ina ugomvi wake: ikishindiliwa mno hulipuka kabla ya wakati, jambo ambalo mafundi huliita noki, na ukuta mwembamba ulio kati ya ringi za pistoni hukatika. Pistoni ya kufuliwa huvumilia zaidi kuliko ya kumiminwa kalibuni. Hata hivyo, mwaka 1995 mashindano ya dunia yaliubana mdomo wa turbo hadi milimita 34. Toyota walikamatwa mwaka ule ule wakiipitisha hewa kando ya kizuizi, wakafungiwa miezi 12. Tena injini za mashindano hufunguliwa na kukaguliwa mara kwa mara. Ya mjomba huenda Mbarara na kurudi kila siku, na haina zamu ya kupumzika.

Nakubali kwamba kiwanda huacha akiba ya nguvu, na nyongeza ndogo yaweza kuvumilika bila kubadili kitu ndani. Lakini udogo hujulikana kwa kipimo cha joto kilichotiwa katika njia ya moshi kabla ya turbo, na fundi huyu hana. Yeye hutazama rangi ya moshi.

Washirika wawili wataka turbo, wawili bado. Kama ningekuwa na kura, ningenunua kwanza kipimo hicho, nisafishe redieta na nozeli, na nipakie watu kwa idadi ya viti. Mlima ukikataa baada ya hayo, basi injini ifunguliwe yote, hedi na pistoni, au turbo ndogo ibaki. Wanafunzi wa zamani wenye gereji na wanipinge katika toleo lijalo. Washirika watakutana mwisho wa mwezi, na mjomba ameniagiza nimwandikie ile hesabu ya kilo 720 kwa herufi kubwa, apate kuwasomea.