Katlesi za Paketi Ziitwe za Paketi

Leo tunasema na mabiharusi, na zaidi na mama zao, maana wao ndio wanaoshika mkoba wa shughuli. Siku hizi kila kibokisi cha vitafunio anachopewa mgeni kina katlesi ya samaki. Je, unajua hiyo katlesi imetoka wapi?

Sisi kazi yetu ni kushona magauni, hatupiki shughuli. Lakini fundi anayekwenda kumvalisha biharusi nyumbani kwao anaona mengi, mpaka ya uani. Katika shughuli moja tuliona uani maboksi matupu ya katlesi za kiwandani, za kutoa kwenye friza na kutia kwenye mafuta. Ukumbini wageni waliambiwa ni za mkono, na mama wa biharusi alikuwa amelipa bei ya mkono. Mpishi hatumtaji. Ila tuseme kweli, kwetu huko ni sawa na kununua gauni la tayari, kubandua lebo na kumwambia mteja umelishona mwenyewe.

Maana katlesi ya mkono ina kazi. Jodari au nguru anachemshwa kwa ndimu na chumvi, kisha unakaa kitako kumtoa miiba na kumchambua kwa vidole. Zinakuja thomu, tangawizi, pilipili mbichi, bizari nyembamba na kotmiri. Mbatata zinapondwa zingali moto, na lazima ziwe kavu, kwa sababu mbatata yenye maji inapasua katlesi ndani ya karai. Nyumba nyingine huchanganya samaki na mbatata pamoja, nyingine humficha samaki katikati (sisi tuko upande wa kumficha, na ubishi huu hauishi leo). Halafu inachovywa kwenye yai na kuvaa ngozi nyembamba. Ukiimega unaziona nyuzi za samaki, na kotmiri inakujia puani kabla hujatia mdomoni.

Ile ya paketi ina koti nene la chenga za mkate. Inalia vizuri menoni, hatukatai. Ndani ni laini kama uji ulioganda. Kabla hujainunua geuza boksi usome. Kwa kawaida viambato huandikwa kwa uzito, kilicho kingi kinatangulia. Ukiona mbatata na unga vimemtangulia samaki, basi umenunua mbatata yenye harufu ya samaki.

Na zile zilizoandikwa za kaa zina mambo zaidi. Baadhi ya wanazuoni wa madhehebu yetu ya Shafi wanakataza kaa, wengine wanaruhusu, kwa hiyo ukiwa mwenyeji ni adabu wageni wajue wanakula nini. Halafu nyingine hazina kaa kabisa. Kinachotiwa ni surimi, yaani nyama ya samaki iliyosagwa, ikatiwa wanga, rangi na ladha ya kaa. Baadhi ya surimi hutiwa pia mirin, ambayo ni mvinyo wa mchele wa Kijapani. Hili dada hulioni kwa macho wala kwa ulimi. Utalijua kwa kusoma boksi tu, na mgeni aliyeambiwa ni za mkono hana boksi la kusoma.

Udanganyifu huu hauko kwetu peke yetu. Jimbo la Maryland kule Marekani linajivunia katlesi za kaa wa buluu wa ghuba ya Chesapeake. Mwaka 2015 shirika la Oceana lilipima vinasaba vya katlesi zilizokuwa zikiuzwa mikahawani kwa jina la kaa huyo, na asilimia 38 zikakutwa na kaa wa aina nyingine, wengi wakiwa wameagizwa kutoka mbali. Mteja alikuwa akilipia kaa wa kwao.

Hatusemi friza ni mbaya. Mama anayerudi kazini saa kumi na moja katika Ramadhani akakaanga za paketi, futari yake ni futari na hana wa kumuomba radhi. Wengi wetu tunatengeneza zetu mwezi wa Shaabani na kuzigandisha. Shida ni kuficha. Sote tunaijua hadithi ya Mtume (s.a.w.) sokoni, alipoingiza mkono kwenye chakula akakuta majimaji chini, akamuuliza mwenyewe kwa nini hakukiweka juu watu wakakiona.

Na anayeumia si mlaji peke yake. Mitaani kwetu kuna kina mama, wengine wajane, wanaosomesha watoto kwa katlesi. Wanaamka kabla ya alfajiri kumuwahi samaki sokoni. Akitaja bei yake anaambiwa ni ghali, mbona fulani anatoa za mkono kwa chini ya hapo? Atashindana vipi na boksi lililobanduliwa lebo?

Kwa hiyo mama, unapotoa oda sema wazi unataka za mkono, samaki gani, na yai au chenga. Omba uonje mbili kabla ya kulipa arubuni, uzimege kwa mkono uzitazame ndani. Mpishi akikwambia kwa ukweli kuwa atatumia za paketi na bei ikashuka, hayo ni makubaliano yenu na hakuna wa kumlaumu. Kibokisi kiandikwe hivyo hivyo.