Nati ya Chuma na Vigari vya Kuteremka



Watoto wetu wa Masasi na Newala wanao mchezo ambao hapana mwalimu aliyewafundisha, nao ni wa vigari vya kuteremka. Kipande cha ubao huwa bodi, nyayo za kandambili zilizochakaa hukatwa kuwa magurudumu, na kijiti au waya huwa mhimili. Hakuna injini wala betri. Mteremko ndio unaokisukuma. Kwa wenzetu wa Newala, ambao mji wao umekaa ukingoni mwa uwanda wa Makonde, mteremko haukosekani.

Hivi karibuni mchezo huu uliletwa mbele ya kamati yetu kama kesi. Mtoto mmoja wa madrasa alikuwa akiwashinda wenzake kila jioni. Wakakipindua kigari chake, wakakuta nati ya chuma imefungwa chini. Akaitwa mdanganyifu. Mzee mmoja akashauri mchezo upigwe marufuku na mtoto asimamishwe mbele ya wenzake aombe radhi. Sisi tukaona kwamba heshima ya mtoto haivunjwi kwa dhana, hasa pale ambapo dhana yenyewe inaweza kupimwa kwa rula.

Tuliuegemeza ubao kwenye baraza ya saruji, mahali pa kuanzia pakiwa sentimita 30 kutoka sakafuni. Kigari huachiwa bila kusukumwa, kikashuka, kikaendelea sakafuni mpaka kikasimama. Hapo hupimwa umbali wa ulalo, kuanzia sakafuni chini ya mahali kilipoachiwa hadi kiliposimama. Kimo kikigawanywa kwa umbali huo, jibu ni kadirio la msuguano wa kigari hicho. Cha mtuhumiwa kilifika mita 6: 30 kwa 600, yaani 0.05. Vya wenzake viliishia kwenye mita 4, yaani 0.075. Kila kimoja tulikiachia mara tatu tukachukua wastani, kwa kuwa chembe moja ya mchanga yatosha kuharibu hesabu.

Kisha tukaifungua nati. Kigari kikafika karibu pale pale.

Wazee walishangaa, lakini sababu yake si ngumu. Uzito unaokivuta kigari chini ndio huo huo unaoukandamiza mhimili. Ukiongeza wa kwanza umeongeza na wa pili, na hesabu inabaki ilivyokuwa. Tukiri kwamba kigari chepesi mno huzuiwa na upepo, na hapo uzito husaidia kidogo. Ndiyo maana maskauti wadogo wa Marekani, walioanza mashindano ya namna hii mwaka 1953 huko California, wamewekewa kikomo cha takriban gramu 142 kwa kila kigari.

Siri ilikuwa katika mhimili. Wenzake walitumia vijiti vinene vya sentimita 1. Yeye alitumia waya wa baiskeli wa milimita 2. Magurudumu yote yalikuwa na upana wa sentimita 8. Gurudumu linapozunguka mara moja, kigari husogea sentimita 25 hivi. Katika mzunguko huo, tundu la gurudumu husugua sentimita 3 hivi za kijiti, au milimita 6 tu za waya. Tofauti ni mara tano, ingawa mpira laini wa kandambili nao hula sehemu ya mwendo, kwa hiyo umbali haukuzidi mara tano.

Mtoto hakuomba radhi. Walioombwa kumtaka radhi ni waliomwita mdanganyifu, na walifanya hivyo. Siku ya pili kila mmoja alikuwa anatafuta waya.

Wanaotaka kulainisha mhimili watumie nta ya mshumaa au unga mweusi wa penseli. Mafuta ya ganda la korosho yasiguswe kabisa, kwani huunguza ngozi. Tena hayana kazi hapa: viwandani hutumika kutengenezea vitambaa vya breki, ambako msuguano ndio unaotafutwa. Lori linaloshuka kutoka Newala likiwa na shehena linauhitaji msuguano huo kuliko kitu kingine chochote. Kwa sababu hiyo kamati imeruhusu mchezo uendelee barazani, baada ya Alasiri, bila kuwekeana fedha, na imekataza kabisa usichezwe kwenye mteremko wa barabara ya magari.