Si Kila Tanzia Ni Tamaa ya Makuu

Hoja kwamba tanzia zote za enzi ya Shakespeare zinasimulia tamaa inayomwangamiza shujaa inamfaa Macbeth, muuaji wa mfalme wake, na Faustus wa Marlowe, aliyeuza roho kwa miaka 24 ya uchawi. Baada ya hapo inaishiwa pumzi. Othello atamani cheo gani, naye tayari ni jemadari? Anayelilia cheo ni Iago, ofisa aliye chini yake. Kwa The Duchess of Malfi ya Webster, hoja inaporomoka kabisa. Mjane anaolewa kwa siri na Antonio, msimamizi wa nyumba yake. Ndugu zake wanaamuru anyongwe. Kuiita ndoa hiyo tamaa ni kumhukumu aliyenyongwa na kuwaachia huru wanyongaji. Ferdinand mwenyewe, kaka yake, anakiri kwamba aliimezea mate mali ya dada yake.