Wajukuu wapewe fungu

Mimi ni mhazini wa mfuko wa ukoo wetu huko Marangu, na mwezi wa Novemba kazi yangu kubwa ni kukumbusha watu. Napeleka ujumbe kwenye kundi la WhatsApp: namba ya kutumia pesa, jina litakalotokea, kiwango, tarehe ya mwisho. Wazee wanatuma. Wa rika langu wanatuma, wengine mpaka wasukumwe. Vijana wanasoma, tiki mbili za buluu zinaonekana, kisha kimya. Tukishakula Krismasi na kukaa kikao, mzee mmoja husimama na kusema yale yale ya mwaka jana: watoto wa siku hizi hawana moyo wa kutoa.

Nimechoka kuisikia kauli hiyo kwa sababu si kweli. Vijana hao hao nawaona wakichangishana usiku: mwenzao wa chuo amelazwa, hospitali inadai, kunakucha deni limelipwa. Wana vikundi vya M-Koba vya harusi na misiba. Binti wa mdogo wangu, anayefanya kazi ya kompyuta Dar es Salaam, humlipia kodi ya chumba mwanafunzi ambaye si ndugu yake hata wa mbali. Moyo wanao. Wanachokosa ni sababu ya kuuleta kwenye mfuko ambao wao huulizwa swali moja tu: umetuma?

Mfuko wetu ulianza na hela za kahawa. Wazee walikuwa wanachama wa vyama vya ushirika vilivyokuwa chini ya KNCU, chama kikuu kilichoundwa mwaka 1933, na kutoa sehemu ya pesa ya kahawa kwa ajili ya shule halikuwa jambo geni kwao. Yapo madarasa mlimani yaliyosimama kwa pesa hizo. Kwa hiyo walipoanzisha mfuko waliandika kusudi moja: ada za watoto wasio na uwezo, wa ukoo na wa majirani. Ulikuwa uamuzi wa busara. Wakati ule ada ndiyo iliyokuwa inamrudisha mtoto nyumbani.

Kisha ukaja Waraka wa Elimu Namba 5 wa mwaka 2015, na kuanzia Januari 2016 shule za serikali zikaacha kutoza ada mpaka kidato cha nne. Mwaka 2022 ikafutwa na ya kidato cha tano na cha sita. Sisi kikaoni tukaendelea kusoma "ada" kwenye ajenda kana kwamba hakuna kilichotokea. Pesa zilikwenda wapi? Hazikuibwa, niliseme hilo mapema, daftari ninalo. Zilihamia taratibu kwenye ada za shule binafsi za wajukuu wa watu wenye magari, maana ada ilikuwa imebaki huko. Hakuna aliyekaa akapanga iwe hivyo. Karatasi ilisema ada, na anayeleta ankara ya ada analipiwa.

Aliyeliona ni kijana wa miaka ishirini na mitatu, mjukuu wa baba yangu mkubwa. Alisimama, akaamkia, akauliza: "Babu, huu mfuko unamsaidia nani hasa?" Pakawa na minong'ono. Babu akamjibu kwamba yeye hajawahi kuchangia hata shilingi, basi akae. Akakaa. Jibu lile lilikuwa sahihi kwa kanuni zetu, na ndiyo maana nasema kanuni zenyewe ni mbovu. Tunamtaka kijana alipe kwanza ndipo aulize, wakati mtu yeyote mwenye akili timamu huuliza kwanza ndipo alipe.

Watu huniambia hayo ni mambo ya koo maskini, matajiri wana wanasheria. Wanao, lakini tatizo ni lile lile. Chukua ukoo wa Rockefeller wa Marekani. Mali yao ilitokana na mafuta, kampuni ya Standard Oil ambayo babu mkubwa aliianzisha mwaka 1870. Mwaka 1940 wajukuu zake, ndugu watano wa kiume, walianzisha mfuko wao wenyewe wa misaada, Rockefeller Brothers Fund, ingawa baba yao alikuwa hai na babu yao alikuwa tayari ameacha taasisi kubwa. David, kitinda mimba, alikuwa na miaka 25. Mwaka 1967 ukaanzishwa mwingine, Rockefeller Family Fund, kwa ajili ya kizazi cha nne. Sasa angalia kilichofuata. Mwaka 2014 ule mfuko wa ndugu ukatangaza kwamba unaondoa uwekezaji wake kwenye mafuta na makaa ya mawe. Miaka miwili baadaye ule wa kizazi cha nne ukatangaza hivyo hivyo, na kuisema hadharani ExxonMobil, kampuni iliyotokana na Standard Oil ya babu yao.

Unaweza kuwaona wajukuu hao kuwa hawana shukrani. Mimi naona ukoo ambao, karibu miaka themanini baada ya babu kufa, ulikuwa bado na watu waliogombania kwa dhati pesa zifanye nini. Koo ngapi za hapa zenye mali zinaweza kusema hivyo? Mwaka 2016 Mohammed Dewji alitia saini ahadi ile ya matajiri wa dunia ya kutoa angalau nusu ya mali yao kwa misaada, wa kwanza kutoka Tanzania. Ni jambo kubwa. Lakini anayeahidi leo ni mmoja, na watakaokaa kwenye meza ya kugawa kesho ni wanawe na watoto wao.

Ndugu zetu wa pwani wanalijua hili kwa machungu. Mzee anaweka wakfu nyumba au shamba la minazi, kodi isaidie msikiti na mayatima. Msimamizi, mtawalli, anashika hati peke yake mpaka anafariki, na watoto wake hawajui hata mpaka wa kiwanja uko wapi. Kusudi la wakfu halichezewi, hilo linaeleweka. Ila hakuna sheria iliyomkataza mtawalli kumchukua mjukuu wake siku ya kwenda kukusanya kodi.

Nirudi Marangu. Mwaka uliofuata baada ya kijana yule kuambiwa akae, nililazimisha jambo moja: sehemu moja ya tano ya mfuko itengwe, iamuliwe na walio chini ya miaka thelathini na mitano. Waamue wenyewe, si watoe maoni. Masharti yalikuwa matatu: wafike wenyewe mahali pesa inapokwenda, wasimpe ndugu wa damu, na walete hesabu kwa maandishi. Watu hututania Wachagga kwa hesabu. Basi nikasema tuwatanie na vijana wetu kwa hizo hizo hesabu.

Walikwenda shule ya kata iliyo juu kidogo ya kwetu. Mwalimu mkuu akawaonyesha daftari la chakula cha mchana. Mzazi hutoa mahindi, maharage na pesa kidogo ya mpishi. Jina la asiyetoa linabaki bila alama ya vema. Saa saba kengele ikilia, wenye vema wanapanga foleni na sahani, na wasio na vema wanakwenda kukaa nyuma ya darasa wakijifanya wanasoma. Baadhi yao wameteremka na kupanda makorongo tangu alfajiri. Wapo walioacha shule, na hakuna hata mmoja aliyeacha kwa ajili ya ada.

Vijana wakaamua kuwalipia wale wasio na vema kwa mwaka mzima. Wala hawakumpa mwalimu pesa taslimu. Mwezi wa Agosti, bei ikiwa chini baada ya mavuno, waliteremka soko la nafaka la Himo, wakanunua magunia, wakayapandisha kwa Fuso ya rafiki yao, wakapima debe kwa debe mbele ya mlinzi wa stoo na mjumbe wa kamati ya shule. Kijana aliyeambiwa akae ndiye aliyeshika kalamu. Nina karatasi yake: gunia, uzito, bei, usafiri, saini tatu. Katika miaka yangu ya uhazini sijawahi kupata hesabu safi kama ile kutoka kwa mtu mwenye mvi.

Kikaoni mzee mmoja alipinga. "Sisi tunasomesha, hatulishi." Binti mmoja akamjibu kwa adabu, "Babu, mwenye njaa anasomeshwaje?" Sikusema kitu. Nilikuwa naandika muhtasari.

Si kila walichotaka nilikikubali. Walitaka kupiga picha watoto wakiwa na sahani na kuziweka Instagram, eti wafadhili wengine waone. Hapo nilisimama na wazee moja kwa moja. Mtoto yule ataishi kijiji hiki hiki, ataoa au kuolewa hapa, na hakuna sababu ya njaa yake ya kidato cha pili kubaki kwenye simu za watu. Vijana walinuna, kisha wakapiga picha ya magunia. Kupewa fungu si kuachiwa kila kitu, na mzee anayemwachia mjukuu kila kitu kwa kuogopa kuonekana wa zamani hamsaidii pia.

Lipo na la mabinti, ambalo wazee hawapendi nililete. Kwetu binti akiolewa huambiwa atachangia kwa mumewe. Huko kwa mumewe anaambiwa yeye ni mgeni. Kwa hiyo nusu ya wajukuu wenye kipato, wengine nesi, wengine wanasheria, mmoja yuko Ujerumani, hawana mfuko hata mmoja wanaoweza kuuita wao. Katika lile fungu la vijana hatukuuliza nani kaolewa wapi. Michango ya waliokuwa kimya ilianza kuingia mwaka ule ule, na mingi imetoka kwa mabinti.

Desemba hii napeleka mapendekezo mawili. Fungu la vijana liwe theluthi, na mmoja wao awe mtia saini kwenye akaunti ya benki, maana mpaka sasa watia saini wote watatu tumepita hamsini, na mmoja haoni vizuri, nikimpelekea fomu natia kidole penye mstari ili ajue pa kusaini. Na kifungu cha pili cha kanuni, kile cha ada, kibadilishwe kisomeke "mahitaji ya mwanafunzi". Mzee mmoja ameshanipigia simu kuuliza kama nyongeza ya vijana itatoka kwenye pesa ya ng'ombe tunayemchinja siku ya kikao. Nimemwambia ndiyo, ndiko itakakotoka, na nyama yake ya kidari nitainunua mimi.