Mwenye Deni Asijifiche

Ndugu zangu wa Goma, kuanzia Ndosho hadi Himbi, kuanzia Majengo hadi Kyeshero, leo nataka tuongee juu ya jambo ambalo wengi wetu tunalala nalo na kuamka nalo, lakini hatulitaji mbele ya watu. Nalo ni madeni.

Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Usemi huo tumeushika kupita kiasi. Mtu akidaiwa anajiwekea matanga kabla ya siku yake: anazima simu, anazunguka njia ndefu asipite mbele ya duka, anaacha kwenda kanisani kwa kuwa anayemdai anaimba katika kwaya ileile. Nami nasema kwa moyo wote kwamba kujificha huko huua tumaini kuliko deni lenyewe. Deni, hata likiwa kubwa, lina kiasi chake. Hofu ya deni usilolihesabu haina kiasi.

Sisemi kwamba madeni ya mji huu yametokana na uvivu. Nani hajui yaliyotupata? Tarehe 17 Januari 2002 volkano ya Nyiragongo ilishusha lava hadi katikati ya mji, ikafunika nyumba na maduka na bidhaa zake. Tarehe 22 Mei 2021 ikamwaga tena, na siku tano baadaye watu wakaamriwa kuhama; wengine wakaelekea Sake, wengine wakavuka mpaka kwenda Gisenyi. Mwisho wa Januari 2025 vita vikaingia mjini, uwanja wa ndege ukafungwa, benki zikafunga milango, na aliyekuwa na akiba akabaki kuiona kwenye karatasi tu. Asiyepata mshahara hakumlipa mama wa duka aliyemkopesha unga. Na mama huyo naye akashindwa kumlipa aliyemletea unga. Kwa hiyo, wewe unayedaiwa, usijihukumu kama mwizi. Lakini usiseme pia kwamba vita vimefuta deni lako, maana yule mama wa duka alipigwa na vita hivyohivyo.

Sasa tuhesabu. Kuna mkopo hapa kwetu tunaouita Bank Lambert. Si benki hata kidogo. Ni mtu mwenye dola zake, anayekupa leo bila kukuuliza mengi, na riba yake inaweza kufika asilimia 30 kwa mwezi, wengine hata 50. Chukua dola 100 kwa asilimia 30. Mwezi wa kwanza unadaiwa 130. Usipotoa kitu na riba ikazaa riba, mwezi wa pili ni 169, na mwezi wa tatu ni karibu 220. Ukijikaza ukalipa riba peke yake, dola 30 kila mwezi, baada ya miezi mitano umekwisha kutoa 150, na zile 100 bado zipo, zote. Mtu wa namna hiyo anatoka jasho kuliko jirani zake wote na hakuna panapoonekana. Kumwambia ajipe moyo ni kumwonea. Moyo utamrudi siku atakapoona deni limepungua, na halitapungua mpaka aguse zile 100 zenyewe.

Basi keti na mwenzako wa nyumbani, fungueni daftari, mwandike kila anayewadai, kiasi, na riba. Msifiche hata deni la vocha ya simu. Mkimaliza, anzeni na lile linalozaa riba kubwa, kwa sababu hilo ndilo linalokula chakula cha watoto. Natoa ruhusa moja tu: kama kuna deni dogo la jirani unayepita mlangoni kwake kila asubuhi, limalize kwanza, hata kama halina riba, upate kutembea bila kuinamisha kichwa. Na kwa jina la watoto wenu, msikope kwa Lambert wa pili ili kumlipa wa kwanza.

Kisha nenda kwa anayekudai kabla hajakujia. Mwambie: “Mama, unanidai dola 60. Leo nina 10, hizi hapa. Jumamosi nitaleta 5.” Usiahidi 20 ili umfurahishe. Anayeuza samaki wa sambaza kule sokoni Kituku anajua vizuri siku moja inaweza kuingiza nini, na atakuamini kwa 5 iliyofika Jumamosi kuliko 20 iliyobaki mdomoni. Na kama ni Lambert, mwombe asimamishe riba upunguze mkopo wenyewe. Nenda na mchungaji wako, sheikh wako au mzee wa nyumba kumi. Mtu akisimama na shahidi huongea kwa adabu zaidi, na husikilizwa zaidi.

Tazameni vikundi vya kuweka akiba na kukopeshana, vile vya AVEC, vinavyokutana mitaani mwetu. Sanduku lina kufuli tatu, na funguo ziko kwa watu watatu. Kila anayelipa hulipa mbele ya wenzake, na fedha huhesabiwa wote wakiona. Riba hairudi kwa tajiri mmoja. Hugawanywa kwa wanachama mwisho wa mzunguko. Nguvu ya kuendelea kulipa naiona hapo: kuna watu wanaojua umefika wapi, na wiki ukikosa watakuuliza una shida gani.

Nanyi mnaodai, neno hili ni lenu pia. Msikatae dola 5 kwa sababu mlitaka 50. Msimtangaze mtu sokoni mbele ya watoto wake. Mtu aliyevuliwa heshima hana tena cha kulinda, na atakimbia. Akitaka kulipa kwa M-Pesa au Airtel Money, kubalianeni mapema nani atabeba gharama ya kutoa, maana fedha taslimu zinaweza kuwa adimu. Kila malipo yaandikwe palepale, tarehe na kiasi, na nyote wawili mtie sahihi. Akimaliza, mrudishie karatasi ya kukiri deni siku ileile, asilazimike kuja kuiomba.