Filimbi ya Kataan na Kopo la Mvua

Mwalimu wa sayansi akikiri mbele ya wenzake kwamba amewahi kutokwa na machozi kwa sababu ya mchezo wa televisheni, hujiweka katika hatari ya kuchekwa na chumba kizima cha walimu. Mimi nimekwisha kuchekwa, hivyo sina la kuogopa zaidi. Mchezo wenyewe ni sehemu moja ya mfululizo wa Kimarekani uitwao Star Trek: The Next Generation, nayo sehemu hiyo yaitwa The Inner Light. Ilionyeshwa Marekani kwa mara ya kwanza tarehe 1 Juni 1992. Mwaka huo Tanzania Bara ilikuwa bado haina kituo hata kimoja cha televisheni, ingawa ndugu zetu wa Zanzibar walikuwa na chao tangu 1973. Mimi niliiona miaka kadhaa baadaye, katika kanda ya video ya kuazima, picha ikitetemeka kama mgonjwa wa homa. Tangu siku ile nimeitazama mara nyingi kuliko inavyompasa mtu wa umri wangu.

Kisa chake ni hiki. Nahodha Picard, mkuu wa chombo kikubwa kisafiricho kati ya nyota, anakutana na chombo kidogo cha kale kinachoelea angani peke yake. Mwali unatoka humo, unampiga, naye anaanguka. Anapozinduka yumo katika kijiji cha Ressik, kwenye sayari ya Kataan. Yuko mwanamke asemaye kuwa ni mkewe, na kila mtu anamwita Kamin, fundi wa chuma. Hapo mwanzo anabisha. Miaka inapita, anachoka kubisha. Anajifunza kupiga filimbi, anapata watoto, anazika rafiki na mke, anazeeka. Hatimaye anapofumbua macho tena ndani ya chombo chake, wenzake wanamwambia kwamba alilala kwa muda wa dakika 25 tu. Watu wa Kataan walikwisha kuangamia miaka 1,000 iliyopita pamoja na jua lao. Chombo kile kidogo walikirusha wao wenyewe ili apatikane mtu mmoja, popote pale, awakumbuke. Ndani yake inakutwa filimbi.

Wengi huisifu sehemu hii kwa ajili ya filimbi hiyo, nami siwalaumu. Mwaka 1993 ilipewa Tuzo ya Hugo, ambayo wapenzi wa hadithi za kubuni za kisayansi huithamini sana. Lakini kinachonifanya mimi nisimame kitini ni jambo jingine, ambalo mtazamaji mwenye haraka hulipita. Kamin hana maabara. Ana darubini aliyoiweka nje ya nyumba yake, ana karatasi zake, na ana macho. Kwa miaka mingi anatazama jua, anaandika habari za ukame, anachunguza udongo. Binti yake Meribor, aliyeirithi hamu hiyo ya kupima, naye anafikia jawabu lile lile kwa njia yake mwenyewe: huu si ukame wa kupita, sayari inakufa. Ni mara chache nimeona katika televisheni kazi ya sayansi ikionyeshwa jinsi ilivyo, yaani mtu mmoja akirudia jambo lile lile kila siku, wakati jirani zake wanadhani amepungukiwa na akili.

Mwenzangu mmoja, fundi hodari wa fizikia, aliniambia kuwa kuwaonyesha wanafunzi michezo ya namna hii ni kuwalisha ndoto za wageni wakati mtihani unagonga mlango. Hoja yake ina uzito, na sitaki kuikwepa. Aliongeza kuwa hata fizikia ya mchezo ni mbovu, na hapo ana haki kabisa. Waandishi wanasema kwamba jua la Kataan lilifikwa na mlipuko uitwao nova. Nova ya kweli hutokea kwa nyota iliyokwisha kuzeeka na kusinyaa, ambayo huvuta gesi ya hidrojeni kutoka nyota jirani inayozungukana nayo. Gesi ikirundikana vya kutosha hulipuka, na nyota yenyewe hubaki. Nyota iitwayo T Coronae Borealis ilionekana ikilipuka hivyo mwaka 1866, na ikalipuka tena mwaka 1946. Ama jua lililo peke yake, kama letu, hubadilika kwa mwendo wa polepole mno: mng'ao wake huongezeka kwa kadiri ya asilimia 10 katika kila miaka bilioni moja. Hakuna fundi wa chuma awezaye kuuona ukame wa namna hiyo ukikua katika maisha yake.

Basi je, tuitupe kanda? Mimi nasema hapana, kwa kuwa kosa hilo ni somo la saa nzima. Ijumaa moja jioni niliionyesha kwa Kidato cha Tatu, nikiisimamisha hapa na pale ili kueleza kwa Kiswahili pale Kiingereza kilipowashinda. Jumatatu niliwauliza: chombo kilichorushwa kwa roketi ndogo kingefika wapi katika miaka 1,000? Tulitumia mwendo wa Voyager 1, iliyorushwa mwaka 1977 na ambayo huenda kadiri ya kilometa 17 kwa sekunde. Wakazidisha, wakapotea katika sifuri, wakarudi, wakapata kwamba kwa miaka 1,000 chombo hicho kisingemaliza hata sehemu moja ya kumi ya mwaka mmoja wa mwanga. Nyota iliyo karibu nasi kupita zote baada ya Jua iko umbali wa miaka ya mwanga 4.2. Kijana mmoja ambaye hajapata kunijibu swali tangu Kidato cha Kwanza alisimama akasema, "Mwalimu, ingechukua zaidi ya miaka 70,000!" Alisema kwa hasira, kama mtu aliyepunjwa sokoni. Miaka yote niliyofundisha mwendo, umbali na muda kwa mifano ya gari litokalo Morogoro kwenda Dodoma, sijawahi kumkasirisha mtu.

Niliwaambia pia kuwa Voyager imebeba sahani ya dhahabu yenye sauti na picha za dunia yetu, pamoja na salamu katika lugha 55. Kiluganda kimo, Kinyanja kimo, Kisotho kimo. Kiswahili hakimo. Darasa lilinyamaza, kisha wakaanza kubishana wao wangesema nini, na kengele ikalia kabla hawajapatana.

Lakini swali lililonishinda nguvu lilitoka kwa msichana akaaye nyuma. Katika mchezo, Kamin anapompelekea mkuu wa serikali matokeo yake, anaambiwa kwa upole kwamba wataalamu wa serikali walikwisha kuyajua hayo tangu miaka miwili nyuma. Yalifichwa ili watu wasiingiwe na hofu. Msichana akauliza: "Kama walijua, kwa nini hawakuwaambia wenye mashamba?" Nilianza kumjibu kwamba hapakuwa na la kufanya, kwamba roketi zao zilikuwa ndogo mno kuwaokoa watu. Akasema: "Lakini wale walikuwa wanaendelea kulima."

Nimelifikiri jambo hili tangu wakati ule, nami sasa nashika upande wake. Ni kweli kwamba habari mbaya isiyo na dawa ni mzigo mzito, na kiongozi yule hakuchorwa kama mtu mwovu. Hata hivyo, watu walewale ambao serikali iliwaogopea hofu ndio waliokuwa wakiutunza mti mmoja katika uwanja wa kijiji kwa maji machache waliyokuwa nayo. Watu wa namna hiyo wangeweza kuambiwa. Na tena, Kamin alipata jawabu lake bila ruhusa ya mtu, kwa kuwa alikuwa na vipimo vyake mwenyewe. Siri ile ilishindwa na daftari.

Sisi tunakaa kanda ya kati, ambako mvua ya mwaka mzima mara nyingi haifiki milimita 600. Wazazi wa wanafunzi hawa ni wakulima wa mtama na alizeti, na kila mmoja ana maoni yake kama mvua inapungua au haipungui. Hapa shuleni hapakuwa na aliyepima. Kwa hiyo wiki ile ile, kabla moto haujapoa, kwa maana hamu ya mwanafunzi haikai hata siku kumi, tulichukua kopo la maziwa lenye ubavu ulionyooka, tukalifunga juu ya mti mbali na paa na matawi, tukakata rula ya plastiki ya kupimia. Waligundua wenyewe kuwa milimita moja ya mvua juu ya meta mraba moja ni lita moja ya maji, wakakimbilia kupima paa la darasa. Lina meta mraba 48. Mvua ya milimita 10 tu inamwaga hapo lita 480, na zote huwa zinachimba msingi wa jengo. Mkuu wa shule ameombwa mfereji wa bati, bado anatafakari.

Mwenzangu wa fizikia angali ananicheka, ingawa juzi nilimkuta ameinama juu ya kopo, akiwaeleza wawili wa Kidato cha Pili namna ya kuweka jicho sawa na maji ili wasikosee kusoma.

Asubuhi hii kopo lilikuwa na milimita 14. Aliyeandika ni yule msichana wa nyuma. Alisahau kutia tarehe, nami nikamrudishia daftari.